Subaru yangu na injini tatu

Najua niliahidi kuendelea na yale maelezo ya kupanga hifadhidata, na wawili wenu mmeniandikia baruapepe kuuliza nimepotelea wapi. Sikupotea. Nilikuwa chini ya gari. Leo hakuna hifadhidata, ni injini tu. Kama hujali magari, naomba unvumilie kidogo, kwa sababu hii ni hadithi ya kuwinda hitilafu kama zile tunazowinda kwenye programu kila siku. Tofauti ni kwamba hii inanuka petroli, na kila jaribio moja linakula mshahara wa miezi kadhaa.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2005, iliyoletwa kutoka Japani. Injini yake huitwa EJ207: sisi 1,994, silinda nne zilizolala ubavu, mbili kushoto na mbili kulia, pistoni zikirushiana ngumi kama mabondia. Ina turbo. Kwenye karatasi ina nguvu za farasi 280, maana watengenezaji wa Japani walikuwa na makubaliano yao ya kutotangaza zaidi ya hapo hadi mwaka 2004. Mstari mwekundu uko kwenye mizunguko 8,000 kwa dakika. Pigeni hesabu: kila sekunde kranki inazunguka zaidi ya mara 130.

Msiniulize kwa nini mtu anayeandika programu za mishahara anahitaji kitu kama hicho. Nimekulia Nakuru. Colin McRae aliposhinda Safari Rally na Impreza ya buluu mwaka 1997 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na Richard Burns aliposhinda na Impreza nyingine mwaka 2000 nilikuwa nimeshaamua. Safari iliondoka kwenye mashindano ya dunia baada ya mwaka 2002, na iliporudi Naivasha mwaka 2021 nilikuwa na kazi, mke, mtoto mmoja na akiba kidogo. Wiki ile ile ya mashindano nilimlipa jamaa mmoja shilingi milioni moja na laki tatu unusu, nikarudi nyumbani na funguo. Mke wangu alizunguka gari mara moja, akasema, "Viti vya nyuma ni vidogo," akaingia ndani. Alikuwa amekubali, lakini kwa sharti moja: pesa za ploti ya Kitengela zisiguswe. Tulikuwa tunailipa kidogo kidogo, yeye na mimi, nusu kwa nusu.

Mwaka wa kwanza ulipita vizuri. Nilibadilisha oili kwa wakati, nikaosha gari kila Jumamosi. Kitu kimoja sikufanya: kuvuta dipstiki kati ya huduma moja na nyingine. Gari langu la zamani, Toyota ya kawaida tu, halikuwahi kupunguza oili hata tone, nami nikadhani magari yote ni hivyo. Injini ya turbo inayopelekwa mbio inaweza kula oili bila moshi na bila kudondosha chochote chini.

Juni 2022, Jumapili, narudi kutoka kuangalia Safari. Napanda kutoka Naivasha kuelekea Soko Mjinga, na kwenye kona ndefu taa nyekundu ya oili ikawaka, ikazima. Kona nyingine, ikawaka tena. Mtu mwenye akili angesimama palepale. Mimi nikajiambia nitafika kituo cha petroli kilicho mbele. Kabla sijafika nikasikia mlio kutoka chini: tok, tok, tok, ukifuata mwendo wa injini, nikikanyaga unaongezeka kasi. Dipstiki ilitoka kavu. Lita mbili hivi ndizo zilizokuwa zimebaki katika injini inayotaka lita nne na kitu.

Ngoja nieleze kilichotokea ndani, kwa sababu bila hapo mengine hayataeleweka. Kranki haigusi beringi zake. Injini ikizunguka, kranki inaelea juu ya utando wa oili ulio mwembamba kuliko unywele. Pengo lenyewe ni sehemu chache tu za mia za milimita. Beringi ni kipande cha chuma laini kilichokunjwa nusu duara, kazi yake ni kushikilia utando huo. Oili ikipungua, kwenye kona inakimbilia upande mmoja wa sampu, pampu inafyonza hewa, utando unakatika, na chuma kinakutana na chuma. Beringi inachubuka. Pengo linakuwa kubwa, na konrodi inaanza kugonga kranki kila pistoni inapogeuka. Huo ndio ule mlio. Fundi akiusikia haulizi mengi, anasema tu, "Imenoki."

Gari likavutwa hadi gereji moja jijini ambayo sitaitaja. Walifungua injini, wakanionyesha beringi ya silinda ya tatu ikiwa imegeuka rangi ya shaba. Kranki ikapelekwa kusagwa saizi ya kumi, beringi mpya zikanunuliwa, gasketi, ringi, pampu ya oili, mkanda wa taimingi. Shilingi laki mbili na elfu themanini. Nililipa kutoka kwenye akiba yangu, nikamwambia mke wangu kiasi kamili. Hakusema mengi. Kosa ni langu, nikasema, nimejifunza, nitapima oili kila Jumamosi. Na kweli nilipima.

Kilomita mia tisa baadaye, kwenye barabara ya Thika, dipstiki ikionyesha oili imejaa: tok, tok, tok.

Nilisimama pembeni nikazima, na kwa dakika kama kumi sikutoka nje ya gari. Kama umewahi kurekebisha hitilafu, ukaijaribu, ukaipeleka kwa wateja, kisha Ijumaa jioni ukaona kosa lile lile limerudi na ujumbe ule ule, basi unaijua hiyo hali. Ila programu huwa huivuti kwa lori.

Pale gereji waliniambia tatizo ni petroli. "Hii gari ni ya Japani boss, inataka petroli ya Japani. Hii yetu inafanya inoki." Hapa ndipo nilipopotea, na nilipotezwa na neno moja. Mafundi wetu wana neno moja, kunoki, kwa mambo mawili yasiyohusiana. La kwanza ni hilo la konrodi kugonga kranki. La pili ni mchanganyiko wa petroli na hewa kulipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda, kwa sababu ya joto, shinikizo au oktani ndogo. Hilo la pili ni la kweli na linaua pistoni: petroli yetu ya Super ni oktani 93, na kompyuta ya gari hili ilipangwa kwa ile ya Japani inayokaribia 100. Kwa hiyo maelezo yao yalikuwa na ukweli ndani yake, wa kutosha kumridhisha mtu anayejiona anajua. Nikaridhika.

Wakapendekeza nisihangaike na bloku ile tena, ninunue injini ya mtumba kutoka Japani. Tulizunguka Kirinyaga Road siku nzima, duka hadi duka, tukaipata kwa laki moja na tisini, ikiwa imefungwa kwa waya juu ya godoro la mbao. Vitu vya nje, wakasema, tutahamisha kutoka injini yako ya zamani maana viko sawa: turbo, mabomba, kipoza oili. Nikakubali kwa kichwa. Kumbukeni hilo.

Pesa hizo, na za kazi, zilitoka kwenye akaunti ya ploti. Sikumwambia. Nilijiambia nitazirudisha kabla ya awamu inayofuata; kulikuwa na mteja aliyekuwa anadaiwa na angelipa wakati wowote. Ninyi mnaofanya kazi za kujiajiri mnajua maana ya "wakati wowote".

Injini ya pili ilifungwa Februari 2023, na mimi nikaamua sasa kufanya mambo kisayansi. Nikanunua kebo ya kuunganisha gari na kipakatalishi, nikaweka RomRaider, programu huria ambayo wapenzi wa Subaru wamekuwa wakiitengeneza kwa miaka mingi. Inasoma kompyuta ya injini moja kwa moja na kuandika kila kitu kwenye faili: mizunguko, shinikizo la turbo, joto, muda wa cheche. Kizuri zaidi ni kwamba inaonyesha kompyuta inaposikia mlipuko wa mapema na kurudisha cheche nyuma. Kuna namba nyingine ambayo napenda kuiita namba ya imani: ikiwa juu kabisa, kompyuta inaiamini petroli uliyoweka; ikishuka, imeanza kuogopa.

Nikawa naweka petroli ya bei ya juu tu. Nikamwita jamaa anayejua kupanga kompyuta hizi, akapunguza shinikizo la turbo na kuirudisha cheche kidogo. Nikaandika programu ndogo ya kuchambua mafaili na kuchora grafu. Usiku mtoto akilala mimi nilikuwa natazama mistari. Nilikuwa na mafaili 41, na namba ya imani haikushuka hata mara moja. Jamani, nilijivuna! Nilikuwa na ushahidi kwamba injini yangu ina afya.

Agosti, kilomita 3,100, asubuhi ya baridi, naingiza gari kwenye maegesho ya ofisi. Tok, tok, tok.

Siku hiyo sikuita lori. Nililiacha gari pale, nikapanda matatu kurudi nyumbani saa nne asubuhi, nikakuta mke wangu yuko nyumbani kwa likizo ya shule (ni mwalimu wa hesabu) na simu mkononi. Muuzaji wa ploti alikuwa amepiga. Awamu mbili hazijalipwa, akasema, na yuko mtu mwingine anayeitaka.

Sitaandika yote yaliyosemwa. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Aliniuliza, "Ni ngapi?" Nikamwambia. Akaniuliza, "Tangu lini?" Nikamwambia. Akanyamaza, kisha akasema jambo ambalo bado linanichoma: kwamba pesa anaweza kuzielewa, lakini miezi sita nilikuwa nakaa pale mezani kila usiku mbele yake, natazama grafu, nikimwambia ni kazi.

Siku ya tatu alitaka risiti zote. Si za gari tu, zote, na kila ujumbe wa M-Pesa. Akazipanga mezani kwa tarehe, akachukua daftari la shule akachora safu tatu: injini ya kwanza kutengenezwa, ya pili, ya tatu. Alikuwa anatafuta jumla, hakuwa anatafuta hitilafu. Lakini ni mtu asiyeweza kuona jedwali lenye mapengo akalipita. Akaniuliza kila kitu ni nini, na kwa nini hapa kimenunuliwa mara mbili na hapa hakijanunuliwa. Beringi mara mbili. Gasketi mara mbili. Pampu ya oili mara mbili, maana niliitaka mpya hata kwenye ile ya mtumba. Bloku mbili tofauti, kranki mbili tofauti, petroli tofauti, mpangilio wa kompyuta tofauti. "Sasa," akasema, "kilichobaki kile kile ni nini?"

Nikataka kusema "dereva", nikaogopa. Kisha nikakumbuka: turbo, mabomba, kipoza oili.

Nilijisikia mpumbavu. Mimi ndiye ninayewafundisha vijana kazini kwamba hitilafu ikirudi baada ya kubadilisha kila kitu, tafuta ambacho hukubadilisha. Kwa miezi sita nilikuwa nimerekodi kwa ustadi mkubwa tatizo ambalo sikuwa nalo. Mafaili yangu 41 yalikuwa ya kweli kabisa: petroli ilikuwa haina hatia. Hayakuwa na hata safu moja ya shinikizo la oili, kwa sababu kompyuta ya gari hilo haina cha kulipimia. Ina ile taa nyekundu tu, ambayo huwaka mambo yakiwa yameharibika tayari.

Gari tulilivuta hadi Nakuru, kwa mzee mmoja ambaye alikuwa akitengeneza malori enzi za utoto wangu, na ambaye marehemu baba yangu alimwamini kuliko daktari. Karakana yake ni ua na mwembe. Sikumweleza nadharia yangu, nilitaka kuona yeye ataanzia wapi. Hakugusa injini. Alifungua filta ya oili, akaikata mdomo kwa msumeno, akavuta ile karatasi ya ndani akaitandaza kwenye gazeti juani kama mtu anayeanika omena. Ilimetameta.

"Hii si ya leo," akasema, akisugua vumbi lile kwa kidole. "Kijana, hii takataka umetembea nayo." Akakitoa kipoza oili, kile kijisahani kinachokaa kati ya filta na bloku, ambamo maji ya radieta yanapoza oili. Akakikata pia. Ndani ni visahani vyembamba vilivyopangwa kama kurasa za kitabu, na katikati ya kurasa hizo kulikuwa na magamba ya chuma, mengine makubwa kama chembe za sukari. Mabaki ya beringi ya mwaka 2022. Pale gereji walikiosha kwa petroli na kupuliza hewa, lakini kitu kile hakisafishiki, unakitupa na kununua kingine. Kwenye bolti za bomba la oili linalokwenda kwenye turbo kulikuwa na vichujio vidogo vya wavu. Kimoja kilikuwa kimeziba nusu.

Nikamuuliza, mbona filta haikunasa? Akanieleza kitu ambacho nimekihakikisha baadaye. Filta ina vali ya dharura: oili ikiwa nzito asubuhi, au karatasi ikiwa imeshiba, vali inafunguka na oili inapita bila kuchujwa, maana oili chafu ni afadhali kuliko kukosa oili. Kwenye filta nyingine za bei rahisi vali hiyo hufunguka mapema mno. Mimi niliyelipa petroli ya bei ya juu nilikuwa nanunua filta ya rahisi kuliko zote dukani. Kila asubuhi ya baridi nilikuwa nawasha gari na kukanyaga, na gamba moja moja lilikuwa linasafiri kwenda kwenye beringi.

Pia alifungua ile bloku ya kwanza, niliyokuwa nimeipeleka kama chuma chakavu. Vizibo vya njia za oili ndani ya bloku havikuwahi kutolewa. Injini ilijengwa upya juu ya uchafu wake wenyewe, basi haishangazi kwamba ilifika kilomita mia tisa tu.

Mzee alijenga injini ile ya mtumba kwa wiki tano, kwa sababu anafanya kazi asubuhi tu. Vizibo vyote vilitolewa na njia zikasafishwa kwa brashi. Kipoza kipya, mabomba mapya ya turbo, turbo yenyewe ikafunguliwa. Kabla ya kufunga kila beringi aliweka kile kiuzi cha plastiki kinachobonyea, akakaza, akafungua tena, akapima upana wake na kuandika namba kwa chaki ukutani. Nilimtazama nikafikiria ni mara ngapi nimepeleka programu bila kuijaribu. Nikamwongezea geji ya shinikizo la oili, ya sindano, iko mbele ya macho yangu sasa.

Pesa za kazi hiyo nilikopa kwenye sacco, na fomu ya mkopo tulijaza wawili. Masharti ni ya mke wangu: awamu za ploti kwanza, mkopo pili, gari mwisho, na daftari linakaa kwake. Ploti tuliinusuru kwa wiki moja. Alimpigia muuzaji mwenyewe. Sijui alimwambia nini.

Wengi mtauliza kwa nini sikuliuza. Nilitaka. Nilimwambia nitaliuza mara tu litakapokimbia, na yeye akauliza nitamwambia nini mnunuzi. Nikakosa jibu. Ungeuza programu unayojua ina kasoro, bila kusema? (Msijibu, najua baadhi yenu mahali mnapofanya kazi.) Tukakubaliana nilipitishe kilomita 10,000 kwanza, kisha nitaliuza na daftari lake lote la risiti, magamba yakiwa kwenye chupa.

Leo limefika 7,400. Geji inasoma vizuri ikiwa na joto na ikiwa baridi. Nabadilisha oili kila kilomita 3,000, naweka filta nzuri, na ile ya zamani naikata na kuitandaza juani. Ya kwanza ilikuwa na chembe chache, mzee akasema ni kawaida ya injini mpya. Ya pili ilikuwa safi. Juzi mke wangu alikuja uani akasimama nyuma yangu nikiitandaza, akainama, akaitazama kwa muda mrefu.

"Hapo ni nini?" akauliza, akionyesha.

Ilikuwa ni uzi wa karatasi tu. Lakini ilibidi niuguse mara mbili kwa sumaku ndipo akarudi ndani.